Karani na Ndege Iliyoolewa Sola

Karani akija kwako, kwanza ficha sufuria. Sisemi alikuwa mwizi. Alikuwa anagonga. Anaingia, anasalimia mpaka unachoka, anakaa, halafu macho yanaanza kutembea: kwenye kichanja cha vyombo, kwenye chombo cha kunyweshea kuku, nyuma ya mlango. Akiona kitu cheupe kisichopata kutu, ananyoosha kidole cha kati na kukipiga pembeni, ng'aa, anatega sikio, anakipiga tena. Kisha anakigeuza juu chini bila kuuliza kina nini. Jirani yetu mmoja alimwagiwa maziwa ya wageni hivyo hivyo, na Karani wala hakuomba radhi. Alisema tu, kwa heshima ya mayu, yaani mama, "Hii ni sufuria ya dukani, mayu. Endelea na shughuli zako."

Alikuwa anatafuta ndege.

Ndege yenyewe ilianguka zamani, wakati wa vita vya wazungu, katika ngitili ya kijiji chetu, yaani lile eneo la malisho tunalolifunga ng'ombe wasiingie mpaka kiangazi kikali. Kijiji kiko upande wa Bariadi, mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli kutoka mjini. Ililala pale siku chache kabla ya wakubwa wa serikali kufika, na katika siku hizo watu wetu hawakulala. Mabati yake yakawa mifuniko ya vihenge vya nafaka, vijiko, bangili, vyombo vya kuku. Na kwa kuwa binti wa kwetu akiolewa anaondoka na vyombo, ndege ikaanza kusafiri. Bawa la kushoto liliolewa Sola. Kipande cha mkia kilikwenda Bukundi na bibi harusi ambaye mumewe alimrudisha kwao kabla ya mwaka kwisha. Yeye alirudi, kipande kikabaki, na koo mbili zikanuniana kwa ajili ya mfuniko.

Kwa hiyo mtu wa kawaida angetafuta ndege porini. Karani aliitafuta jikoni, na nikwambie ukweli, aliipata. Kipande kwa kipande, nyumba kwa nyumba, na matusi juu.

Tulimwita Karani kwa sababu alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la kununulia pamba, enzi zile pamba ilipokuwa na mnunuzi mmoja tu. Na kwenye mizani, jamani, alikuwa mwizi. Hilo kila mtu anajua na mwenyewe hakulikataa. Ulikuwa unaleta gunia umelifunga mwenyewe, umelibeba mwenyewe, mgongo unajua uzito wake, ukifika kwa Karani linapungua. Mtu akilalamika, alikuwa anajibu bila hata kuinua uso, "Imekauka njiani." Njia ya hatua mia mbili! Miaka baadaye nilimuuliza kama haoni aibu. Akaniambia, "Mizani ile ilikuwa na njaa, na mimi pia."

Soko huria lilipoingia wakaja wanunuzi binafsi, na malori yao, na mizani zao, na vijana wao wenye kofia wanaoiba kwa haraka zaidi. Ghala likafungwa na Karani akapunguzwa kazini. Alirudi nyumbani na mizani ya kuning'iniza, penseli, na boksi zima la zile lebo ngumu za kufunga kwa uzi kwenye marobota ya pamba. Mkewe alisubiri aanze kulima. Akangoja msimu wa kwanza, akangoja wa pili. Karani alikuwa ameshaanza kupima ndege.

Kila kipande alikipima, akakiandikia lebo, akakipa daraja. Kwenye pamba tuna madaraja mawili tu: safi, na fifi. Safi ni ile nyeupe isiyo na uchafu. Fifi ni ile yenye madoa na majani. Basi Karani akaipeleka hesabu hiyo kwenye mabati. Kipande chenye uhakika kwamba ni cha ndege kiliandikwa safi, cha kubahatisha kikaandikwa fifi. Na yule yule mtu aliyekula pamba yetu mchana kweupe hakuwahi kupunja ile ndege hata kidogo. Alikuwa akipima kipande mara tatu, na upepo ukivuma anasubiri utulie.

Na maneno ya watu? Hayo aliyapa daraja moja tu. "Watu ni fifi," alikuwa anasema. "Wote. Mimi mwenyewe ni fifi. Chuma ndicho safi."

Mimi wakati huo nilikuwa nauza mitumba kwenye minada ya ng'ombe, nazunguka na malori, leo Maswa, keshokutwa Meatu, nalala juu ya marobota ya nguo. Karani aliona faida yangu kabla sijaiona mwenyewe. Siku moja alinikalisha chini akanifundisha kazi, bila kuniuliza kama naitaka. Akanipa kipande mkononi. "Unaonaje uzito?" Nikasema chepesi. "Macho yalikwambia kizito, mkono ukakataa. Hiyo ndiyo ndege." Akanionyesha ribiti, ile misumari ya kuunganishia mabati, zilizolala sawasawa na bati, zimeachana upana wa dole gumba, zote, bila kukosea. Akanigeuzia upande wa ndani, ambako rangi ya kijani ilikuwa haijaliwa na jua. Mwisho akanionyesha namba: tarakimu zilizogongwa kwenye chuma, ndogo kama mayai ya chawa. "Fundi wa kijijini hana mkono wa kuandika hivi," alisema. "Ukiziona hizi, usizungumze. Njoo uniambie."

Nikawa jasusi wa sufuria. Nilikuwa naingia nyumba za watu na gauni za mitumba begani, mama mwenye nyumba anajipima gauni, mimi nachungulia kuku wake wananywea wapi.

Msidhani hakukosea. Alikosea vibaya mno. Aliwahi kuleta kutoka upande wa Maswa bati moja kubwa, jeupe, zito kidogo, lenye bawaba. Akaliandikia lebo: "Mlango wa rubani. Safi." Miezi miwili tulipelekwa mmoja mmoja kwenda kuutazama mlango wa rubani. Alitufundisha jinsi mzungu alivyoufungua, aliweka mguu gani kwanza. Halafu akapita mzee mmoja aliyekuwa mpishi kwa mapadri, akautazama, akacheka mpaka akashika mbavu. "Hili si friji la mafuta ya taa la padri? Mimi ndiye niliyekuwa nalifuta!" Karani alifungua uzi, akakata ile safi, akaandika fifi. Baada ya muda akaikata na hiyo fifi, akaandika friji. Msimu mzima wa pamba tulimwita Karani wa Friji, na aliitika.

Na kule Lingeka nusura auawe. Kulikuwa na kigango, kanisa dogo la kijijini, ambako wanagonga kipande cha chuma badala ya kengele, kimetundikwa mtini kwa waya. Nilikiona nikiwa mnadani nikamletea habari, na Jumapili ile ile akaenda. Alifika wakati katekista yuko katikati ya mahubiri. Mtu mwenye akili angesubiri. Karani alijisogeza mpaka mtini, akatoa kidole, na kidole kikawa hakitoshi, akaokota jiwe. Ng'aa! Ng'aa! Sasa kule mlio huo maana yake ni moja, ibada imekwisha. Watu wakanyanyuka, wakachukua watoto, wakaondoka zao, katekista amebaki na sentensi yake mdomoni na kikapu cha sadaka kitupu. Alitoka na fimbo. Karani alikimbizwa mpaka mtoni, ana miaka karibu sitini. Alirudi amechanika suruali, anacheka peke yake. "Ni panga la mbele, lile linalozunguka," aliniambia. "Limekunjwa kwa nyuma lote. Ile ndege haikutua, binti. Iliingia ardhini kwa kichwa."

Pale ndipo nilipomuuliza ina maana gani kwake kama ilitua au iliingia kwa kichwa. Mtu anagombana na mkewe, anakimbizwa na watu wa Mungu, kwa sababu ya uchafu wa vita vya watu wengine? Akaacha kucheka.

Habari za baba yake nilikuwa nazijua, kama kila mtu alivyozijua, kwa kusikia pembeni. Siku ile nilizisikia kwake mwenyewe. Baba yake ndiye aliyeuona moshi kwanza. Alikwenda, akaona, akageuka moja kwa moja kwenda bomani kutoa taarifa, siku mbili kwa miguu. Aliporudi na wakubwa, ndege ilikuwa imeshanyofolewa, na rubani alikuwa amelala nje, kwenye kivuli cha mgunga, hana viatu. Wakubwa wakauliza, nani alimtoa? Kijiji kizima kimya. Basi kama hakutolewa, alitoka mwenyewe. Kama alitoka mwenyewe, alikuwa hai. Na mtu aliyejulikana kufika pale alikuwa mmoja tu, yule aliyejipeleka bomani kwa miguu yake. Alichapwa viboko, akaachiwa kwa kukosa ushahidi. Lakini kijiji hakikumwachia. Maneno yakapikwa, kwamba mzungu alitoka na majeraha yake akaomba maji, na yeye akamnyima ili afe haraka amvue viatu. Wakamwita Nyima-Maji. Baraza likakaa, wakamtenga.

Kutengwa kwetu si mchezo. Hakuna anayekusalimia wala anayeitikia salamu yako. Hupewi moto, huazimwi jembe. Atakayekusemesha naye anatoa ng'ombe aliwe na wazee. Ukifiwa, unachimba mwenyewe. Baba yake Karani alifariki kiangazi cha pili, na kaburi lilichimbwa na mama mtu pamoja na Karani, ambaye umri wake ulikuwa wa kuchunga ndama tu. Aliniambia kwamba watu walipita njiani na majembe begani, wakiangalia upande mwingine. Alisema hivyo huku anafunga lebo kwenye kipande cha bati, na sikuweza kumtazama.

Sasa utaelewa salamu zake. Karani alisalimia kupita kiasi. Mwangaluka ya asubuhi, mwadila ya mchana, kwa kila mtu, kwa watoto, kwa mlevi aliyelala mtaroni. Habari za nyumbani, habari za mifugo, habari za yule ndama mwenye jicho bovu. Akikutana na punda wetu njiani anamsalimia na punda. Watu walimcheka, mimi nikiwa wa kwanza. Na walimwitikia, maana miaka ile alipokuwa kwenye mizani ulikuwa huna ujanja: ukitaka kilo zako zisikauke sana njiani, unamsalimia karani. Ndivyo kutengwa kulivyokufa, bila baraza wala tamko. Hakuna aliyewahi kusema kwamba baba yake hakunyima maji. Waliacha tu kulisema mbele yake.

Mtu mmoja tu hakumwitikia kamwe. Bibi yangu mzaa baba, aliyenilea. Karani anasimama mbele ya ua wetu, "Mwangaluka, mayu!", Bibi anamgeukia punda na kuanza kumtukana punda. Kama punda hajabebeshwa madumu, anambebesha na kumswaga mtoni, hata kama tulikuwa na maji ya kuogelea. Miaka nenda miaka rudi. Nilidhani ni kiburi cha wazee. Nilimtania kwamba anamwogopa Karani asije akamgonga na yeye.

Mambo yakawa moto wanunuzi wa vyuma chakavu walipoingia. Hao nao ni watoto wa soko huria. Walikuja na lori na spika juu, wananunua kila kitu chenye kung'aa, kinakwenda Mwanza kuyeyushwa kiwe sufuria. Watu wakatoa mifuniko yao ya vihenge mbio mbio. Karani alichanganyikiwa. Alikimbia nyumba hadi nyumba akibadilishana, na alipoishiwa vitu vya kubadilisha akapanda juu ya paa lake mwenyewe, akang'oa mabati, akawapa watu mabati mazima apate mabati ya ndege yaliyotoboka. Mvua za vuli zilimkuta mkewe jikoni, amejifunika turubai. Mama yule alisema maneno ambayo kijiji hakijayasahau: "Ndege ilimwangukia baba mkwe, sasa imeniangukia mimi." Akaenda kwa kaka zake, akakaa miezi mitatu, akarudi, kwa sababu alikuwa anampenda yule mpumbavu.

Mwaka huo huo ndipo alipokuja mzungu mmoja, mzee, anayezunguka nchi kutafuta ndege za vita, na mashine ya kunusa chuma. Alizunguka ngitili siku tatu, mashine inalia. Akachimba, akapata jembe, vizibo vya soda na jembe jingine. Siku ya nne akaletwa uani kwa Karani, na kule akakuta ndege. Karani alikuwa ameipanga chini, kila kipande mahali pake, na nafasi tupu pale pasipopatikana kitu, kuku wanatembea juu ya bawa. Yule mzee wa kizungu alivua kofia. Akapiga magoti, akasoma namba moja moja, na kupitia mkalimani akasema ni ndege ya aina gani na kwamba Karani hajakosea hata kipande kimoja. (Friji lilikuwa limefichwa.) Karani akamuuliza swali lake. Alikufa mle ndani, au alitoka? Mzungu akafikiri, akasema, tafuta bizimu la mkanda wa kiti. Mtu akitoka mwenyewe, analifungua. Ukilikuta limefungwa, hakutoka. Kesho yake tumbo la yule mzee lilishindana na maziwa yetu ya mgando, akaondoka kuelekea Bariadi amelala kwenye kiti cha nyuma. Lakini neno lake likabaki. Toka siku hiyo Karani hakugonga tena masufuria. Alitazama mikanda ya watu, na hilo kwa mwanaume mzima lilileta matatizo mengine kabisa.

Miaka minne hakulipata. Miguu ikaanza kumvimba. Kwanza akaacha baiskeli, halafu akaacha njia ya mtoni, halafu ikawa hatoki uani kwake.

Ni punda wetu aliyetukwamua. Alikufa uzeeni, usingizini, Mungu ampokee, na mimi nikachukua zile kamba na mikanda yake ya ngozi niitenganishe, maana nina tabia ya muuza mitumba, kila kitu nakiona bei. Ule mkanda wa tumboni alioushona marehemu babu zamani ulikuwa na fundo kubwa lililoshonewa ngozi juu ya ngozi, siku zote tukijua ni la kuzuia asichubuke. Nikakata ngozi kwa wembe. Ndani kulikuwa na bizimu. Chepesi. Macho yaliniambia kizito, mkono ukakataa. Nikalifuta kwa mate, nikaligeuza kwenye mwanga, na pale pembeni nikaona tarakimu, ndogo kama mayai ya chawa.

Haki ya Mungu, niliketi chini palepale kwenye mavi ya punda.

Bibi alikuwa mlangoni ananitazama. Hakusema "ni nini hicho". Alisema, "Tupa chooni."

Nami nilisimama nikaenda mpaka mlango wa choo, sitawadanganya. Nilijiuliza, muuza mitumba aliyetengwa anamuuzia nani? Miaka yote nimemcheka Karani, nimechungulia majiko ya watu kwa ajili yake mpaka Bukundi, kumbe kitu kilikuwa tumboni mwa punda wetu, punda ambaye yeye alimsalimia kila asubuhi. Nilitaka kulitupa. Kilichonirudisha ni hasira tu. Nilirudi nikamwambia Bibi, sema, au naanza kupiga kelele mpaka majirani waje.

Akasema. Alisema mpaka jioni, amekaa kwenye kinu kilichogeuzwa. Alipomaliza akaongeza kitu ambacho sikukitegemea. "Siku hizi asubuhi kimya," alisema. "Hakuna anayetusalimia pale nje." Akajifunga kanga vizuri. "Kesho nipeleke."

Nilimbeba kwenye baiskeli, amekaa upande, naisukuma kwa mkono. Tulifika mchana. Karani alikuwa amekaa kivulini juu ya gunia, mguu umeinuliwa kwenye kigoda, na ndege yake imelala mbele yake na matobo yake. Mkewe alikuwa anachambua michembe, viazi vitamu vya kukausha. Bibi akashuka, akasimama, akashika fimbo kwa mikono miwili.

"Mwadila, Karani," alisema.

Karani akafungua mdomo. Yule mtu wa salamu za nusu saa, aliyesalimia walevi na mifugo, akakosa la kujibu. Alimtazama Bibi, akanitazama mimi, akatazama nyuma yake kama kuna Karani mwingine.

Bibi hakusubiri. "Nilikuwa mwali, nimeolewa miezi miwili," alisema. "Tulifika mimi na mume wangu. Baba yako alikuwa ameshaondoka kwenda bomani. Yule mzungu alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amefungwa, wa baridi, nzi wameshamwingia puani. Mume wangu alitaka ngozi ya kile kiti. Kufungua hiki kichuma hakujua, akavuta, akatukana, akashindwa. Akakata mkanda kwa kisu, huku na huku. Tukamvuta tukamlaza kivulini. Mimi nilimfumba macho. Kichuma tulikaa nacho mwezi mzima kimefungana, hatujui kinafunguka vipi, mpaka siku mbuzi alipokikanyaga. Hakuomba maji. Hakuwa na mdomo wa kuomba maji." Akaikaza fimbo. "Siku ya baraza aliyesema kwanza 'atengwe' ni mume wangu. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake. Nilinyamaza."

Nikaweka bizimu mkononi mwa Karani. Aliifanya kazi yake yote. Aliligonga kwa kidole cha kati, akasikiliza. Akaagiza mizani, mkewe akaileta, akalitundika, akasubiri upepo utulie. Akasoma namba huku ameziweka karibu na jicho. Akalifungua, akalifunga, akalifungua, akalifunga, na kila lilipolia kidogo nilitaka kulia mimi. Mwishowe akalishusha mapajani.

"Ni lenyewe," alisema. "Lakini mbuzi alilifungua, na likafungwa tena kabla ya kushonewa kwa punda. Haliwezi tena kuniambia siku ile lilikuwaje." Akavuta pumzi. "Kwa hili nililotaka kujua, ni fifi."

Kuku alipita juu ya bawa. Nilifikiri, basi, ndiyo imekwisha, miaka yote na paa zima la nyumba kwa ajili ya kichuma bubu. Nilikuwa nashika baiskeli nimrudishe Bibi, Karani alipoingiza mkono kwenye lile boksi lake, akatoa lebo. Zilikuwa zimebaki chache. Akailamba penseli.

"Rudia, mayu," alisema. "Polepole. Naandika."

Bibi akarudia yote, toka uwali wake mpaka mbuzi. Karani aliandika mbele na nyuma, akajaza lebo moja, akachukua ya pili, akachukua ya tatu. Walipofika kwenye nzi aliacha kuandika, akajifuta uso kwa kiganja, akaendelea. Walipofika kwenye baraza Bibi alitaka kupita haraka, akamzuia kwa mkono, "Nani alisema kwanza?" na Bibi akalitaja jina la babu yangu, lote, na la baba yake.

"Hili nitalisema na kwenye mkutano wa kijiji," Bibi alisema.

"Watakutenga, mayu."

"Waje wanitenge. Nimebakiwa na meno manne na punda amekufa."

Mkewe Karani alicheka, akajiziba mdomo kwa kanga, na kilichotoka mwishoni hakikuwa kicheko. Karani akazifunga zile lebo tatu kwenye bizimu kwa uzi mmoja. Kisha akaandika neno la mwisho chini ya ile ya tatu, kwa herufi kubwa, kama alivyokuwa akiandika kwenye marobota, na akaninyooshea nisome. Liliandikwa: SAFI.

Alinyanyuka. Ule mguu haukutaka, mkewe akataka kumshika, akamkatalia. Akasimama wima mbele ya Bibi, akafunga kifungo cha juu cha shati lake.

"Mwadila, mayu," alisema.